Kioski cha maji, ESP32 na taski nne zinazogombea flashi moja: nani aandike, na lini?

#1 Fundi Pasua (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Nimeletewa vidhibiti vya vioski vya maji vya kadi, vimefungwa huko Uru na Kibosho. Aliyeviandikia programu hapatikani tena, kamati ya maji inalalamika, ila msimbo wote ninao. Kifaa chenyewe hakina maajabu: ESP32 (chipu ndogo yenye prosesa ya viini viwili), kihisi cha mtiririko aina ya YF-S201, kisoma kadi, modemu ya GSM na skrini ndogo. Mteja anagusisha kadi, valvu inafunguka, maji yanahesabiwa, salio linapungua. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50.

Ndani kuna FreeRTOS, mfumo mdogo unaozigawia zamu taski nne, yaani programu ndogo zinazokwenda sambamba. Ya kwanza inahesabu mapigo ya kihisi. Ya pili ni ya kadi na salio. Ya tatu inakaa na modemu, na wakala akituma meseji ya kuongeza salio la mteja, yenyewe ndiyo inayoandika. Ya nne ni skrini na vitufe vya msimamizi, pamoja na kubadili bei. Zote nne zinaita NVS, maktaba ya kuhifadhi data kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), moja kwa moja, kila moja inapojisikia, na hakuna inayomuuliza mwenzake.

Malalamiko ni haya. Mteja ameongezewa salio, ujumbe umemfika, lakini akigusisha kadi fedha haipo. Jumla ya lita za siku haiendani na fedha iliyokatwa. Ndoo nyingine inazidi kidogo. Na mara mojamoja kifaa kinajizima na kuwaka upya, kikiachia kwenye logi maneno haya: "Cache disabled but cached memory region accessed".

Sitaki kuviraka. Nataka kujua namna sahihi ya kuzipa taski nne kumbukumbu moja ya kudumu bila ugomvi. Nawasilisha.

#2 Chalii wa Sakina

Nakaa siti ya mbele hapa, wajuvi waje.

#3 Kijenge Juu

Mkuu, mbona jambo dogo. Zungushia muteksi (kufuli la programu) kila palipo na `nvs_set` na `nvs_get`, mchezo umekwisha. Taski moja ikiandika nyingine zinasubiri. Dakika kumi kazi imekamilika.

#4 Mama Saketi, Tengeru

Kijenge, ukiweka muteksi hapo ulipopataja hutakuwa umetibu hata ugonjwa mmoja. NVS ina kufuli lake ndani tayari. Taski mbili zikiita `nvs_set` kwa wakati mmoja, maktaba inazipanga yenyewe na hakuna ukurasa utakaoharibika. Kufuli hilo linalinda flashi. Halilindi hesabu ya mteja.

Fundi, anza na malalamiko ya salio kupotea, maana ndiyo yanayovunja heshima ya kioski. Kadi ina shilingi 2,000. Taski ya kadi inasoma 2,000 na kufungua valvu. Mama anachota ndoo yake. Wakati huohuo meseji ya wakala inaingia: ongeza 5,000. Taski ya modemu inasoma 2,000, inajumlisha, inaandika 7,000, inamtumia mteja ujumbe. Sekunde chache baadaye ndoo inajaa. Taski ya kadi bado inaikumbuka ile 2,000 yake, inatoa 50, inaandika 1,950. Elfu tano imeyeyuka. Hapo flashi imefanya kazi yake bila dosari, kila uandishi umefaulu, na ungekagua logi usingeona kosa hata moja. Kilichoingiliwa ni kitendo kizima cha kusoma, kubadili na kurudisha, na hicho NVS haikioni kwa sababu kinafanyika nje yake.

Sasa ule ujumbe wa kache. ESP32 haina flashi ndani ya prosesa yenyewe kwa kawaida. Programu imekaa kwenye chipu ya pembeni inayoongea kwa waya za SPI, na viini vyote viwili vinaisoma kupitia kache (kumbukumbu ya haraka ya muda). Chipu hiyo haiwezi kufutwa na kusomwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kiini kimoja kikianza kufuta au kuandika, kache za viini vyote viwili zinazimwa, kiini cha pili kinawekwa kusubiri ndani ya IRAM (RAM ya ndani ya kuwekea programu), na intarapti (vikatizaji, kama pigo la kihisi, vinavyosimamisha programu ili vihudumiwe kwanza) zote ambazo hazikusajiliwa kuwa za IRAM zinashikiliwa mpaka kazi iishe. Intarapti iliyosajiliwa kuwa ya IRAM inaachwa ipite. Ikipita halafu ndani yake ikaita fanksheni iliyobaki kwenye flashi, au ikasoma jedwali la namba lililobaki kwenye flashi, kifaa kinaanguka na maneno hayohayo uliyoyanukuu. Tafuta intarapti yenye bendera ya `ESP_INTR_FLAG_IRAM`, kagua kila inachokigusa. Fanksheni zipe `IRAM_ATTR`, na vile vijedwali vidogo vipe `DRAM_ATTR`, vyote vikae RAM badala ya flashi. Mara nyingi mkosaji ni kijedwali, kwa sababu watu hukumbuka fanksheni wakasahau data.

La ndoo kuzidi sina hakika nalo bado. Nimepiga hesabu: YF-S201 inatoa mapigo 450 hivi kwa lita. Maji yakija lita 20 kwa dakika hayo ni mapigo 150 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 6.7. Chipu za aina ya W25Q32 hufuta sekta ya kilobaiti 4 kwa milisekunde 45 kwa kawaida, na kikomo chake ni 400. Intarapti ikishikiliwa kwa milisekunde 45, mapigo sita yanapita, na intarapti ikifunguliwa yote yanahesabiwa kama moja. Mapigo sita ni mililita 13, hata kijiko cha chakula hakijai. Mteja asingeona, kamati isingeona. Kwa hiyo nijibu mawili: salio za kadi zimehifadhiwaje, na zinaandikwa kila baada ya nini?

#5 Fundi Pasua

Mama Saketi, shikamoo na asante. Hilo la 2,000 na 7,000 nimeliona kwenye msimbo, liko vilevile kama ulivyolieleza, mpaka mpangilio wa mistari.

Majibu: kadi 200 zimewekwa pamoja kama blobu moja (furushi moja la data), kila kadi baiti 8, jumla baiti 1,600. Na blobu nzima inaandikwa upya kila lita moja inapopita. Nadhani aliyeandika aliogopa umeme kukatika katikati ya ndoo.

#6 Mama Saketi, Tengeru

Marahaba. Basi kijiko kimekuwa glasi, na kuna balaa lingine linakuja nyuma yake.

NVS inagawa flashi katika kurasa za baiti 4,096. Kila ukurasa una nafasi 126, kila nafasi baiti 32. Haiandiki juu ya kilichopo. Inaongeza mbele, na cha zamani inakitia alama kuwa kimekufa, mpaka nafasi ziishe ndipo ifute ukurasa mzima. Ndivyo flashi ilivyoumbwa: kuandika kunageuza biti kutoka 1 kwenda 0 tu, na kuzirudisha kuwa 1 lazima ufute sekta yote. Namba moja ndogo inakula nafasi moja. Blobu yako ya baiti 1,600 inakula nafasi 50 na nyingine mbili tatu za utambulisho. Chukua 52. Ukurasa unajaa kwa maandishi mawili na nusu.

Ndoo moja ina lita 20, kwa hiyo unaandika mara 20, na unafuta mara nane hivi. Kila ufutaji unameza mapigo sita. Mapigo 48, yaani mililita 107 kwa ndoo chipu ikiwa mpya. Chipu ikichakaa muda wa kufuta unarefuka. Ukifika ule upande wa milisekunde 400, mapigo 60 mara nane, lita nzima inatoka bure kwenye kila ndoo. Hapo kamati lazima ilalamike.

Na kuchakaa hakuko mbali. Chipu hizi zinahakikishiwa kufutwa mara 100,000 kwa sekta. Sehemu ya NVS ya kawaida ni kilobaiti 24, kurasa sita, na mmoja huachwa wazi. Kurasa tano mara 100,000 mara 2.4 ni maandishi milioni 1.2. Kioski kikitoa lita 10,000 kwa siku, kimekula maandishi 10,000. Siku 120. Kila kadi ingekuwa na nafasi yake, uandishi uleule wa kila lita ungefika maandishi milioni 63, miaka 17. Flashi ileile, lita zilezile. Tofauti ni kwamba unamwandika mteja mmoja badala ya kuwaandika wote 200 kila mmoja anapochota.

#7 Mtaa wa Double Road

Hizi hesabu za kuchakaa mnawatisha watu bure. Nina Arduino yangu miaka nenda rudi, flashi haijawahi kufa.

#8 Kijenge Juu

@Mtaa wa Double Road, Arduino yako haiandiki kila lita. Mwaka 2021 Tesla walirudisha karakana magari takriban 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu hiyohiyo: chipu ya flashi aina ya eMMC ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inachakazwa na maandishi ya mara kwa mara mpaka skrini ikazima pamoja na kamera ya nyuma. Kama ni gari la bei ile, kioski cha Uru ni nini?

Ila Mama Saketi, nitetee muteksi yangu. Nimekubali kuizungushia `nvs_set` peke yake hakufai. Basi izungushie kitendo chote: shika, soma, toa, andika, achia. Tatizo la 7,000 limekwisha. Kwa nini tujenge mitambo zaidi ya hapo?

#9 Mama Saketi, Tengeru

Itafanya kazi, na kwa kifaa chenye taski mbili ningekuacha uende nayo. Kwa hiki cha Fundi nina sababu za kukataa.

Angalia nani anashika na kwa muda gani. Taski ya modemu imeandikwa na mtu aliyewaza meseji, hakuwaza ndoo. Itashika muteksi, itasoma salio, itamjibu wakala, itasubiri mtandao, ndipo iachie. Mtandao wa mlimani ukisuasua sekunde kumi, taski ya kadi imesimama sekunde kumi na mteja ameshika ndoo tupu. Utasema basi tuandike vizuri. Sawa, leo tutaandika vizuri. Mwakani atakuja mwingine ataongeza taski ya tano.

Pili, ukilinda salio kwa muteksi moja na jumla ya lita kwa nyingine, siku moja taski moja itashika ya salio ikisubiri ya jumla, na nyingine itashika ya jumla ikisubiri ya salio. Zitatazamana mpaka watchdog, saa ya ulinzi, iwashe kifaa upya.

Tatu, watu wengi hapa wanatumia semafoo ya kawaida (alama ya zamu isiyo na mwenyewe) wakidhani ni muteksi. Kwenye FreeRTOS muteksi inarithisha kipaumbele: taski kubwa ikisubiri, ile ndogo iliyoshika kufuli inapandishwa daraja ili imalize haraka. Semafoo ya kawaida hairithishi. Chombo cha Pathfinder kule Mars mwaka 1997 kilikuwa kinajiwasha upya kwa kosa la ukoo huu. Taski ndogo ya hali ya hewa ilishika kufuli, za kati zikaipita, taski kubwa ya njia ya data ikakosa zamu yake. Wahandisi wakawasha urithishaji wa kipaumbele kutoka duniani, kikapona.

Ninachofanya mimi ni kuipa taski moja tu haki ya kugusa flashi. Nyingine zote hata maktaba ya NVS hazii-include. Zikitaka kitu zinatuma ombi kwenye foleni, nayo inayachukua moja baada ya jingine. Ninyi watu wa mlimani hamhitaji kufundishwa hili: mfongo una mzee wake wa zamu, na hakuna anayejifungulia maji mwenyewe hata kama shamba lake linapakana na mfereji.

Na ombi lenyewe liandikwe vizuri. Usitume "andika 7,000". Tuma "ongeza 5,000 kwa kadi fulani". Usitume "andika 1,950", tuma "toa 50". Ukituma thamani kamili umerudisha ugonjwa uleule kupitia mlango wa foleni, kwa sababu thamani hiyo imehesabiwa na taski iliyosoma zamani. Ukituma badiliko, mmiliki anajumlisha juu ya kilichopo sasa hivi, na mpangilio wowote maombi yatakaofika, jibu ni lilelile: 6,950. Hili ndilo ningekuomba ulishike kuliko yote niliyoandika juu.

#10 Mwanafunzi wa Ufundi

Shikamooni. Mimi niko mwaka wa pili, natumia Arduino Uno kwa mradi wa banda la kuku, hakuna RTOS wala viini viwili. Hili linanihusu au nipite?

#11 Kijenge Juu

Linakuhusu dogo, tena kwako limejificha zaidi. ATmega328P, prosesa ya Uno yako, ina EEPROM (kumbukumbu ndogo ya kudumu) ya baiti 1,024. Ili kuandika baiti moja unaweka anwani kwenye rejista ya EEAR, data kwenye EEDR, unawasha biti ya EEMPE, halafu ndani ya mizunguko minne ya saa lazima uwashe EEPE. Intarapti ikiingia katikati ya hizo mbili, mizunguko minne imepita na uandishi haufanyiki, kimyakimya. Ubaya zaidi ni pale intarapti yenyewe inaposoma au kuandika EEPROM. Itabadilisha EEAR, na programu kuu ikirudi itaandika data yake kwenye anwani ya mtu mwingine. Hapo una watumiaji wawili, programu kuu na intarapti, hata kama kiini ni kimoja.

Zima intarapti kwa kipande hicho kifupi tu. Uandishi wenyewe huchukua milisekunde tatu na kitu na unaendelea peke yake, huna haja ya kuzima intarapti muda wote huo. Bora zaidi, intarapti isiguse EEPROM kabisa: iinue bendera, programu kuu ndiyo iandike. Na washa BOD, kinga ya volti kushuka, maana volti ikishuka chini ya kiwango prosesa huandika vitu vya ajabu.

Usilete mbinu hii ya kuzima intarapti kwenye ESP32 lakini. Ukizima kwenye kiini kimoja, kingine kinaendelea kula. Na `portENTER_CRITICAL`, inayozima intarapti za kiini chake na kukizuia kingine pale tu kinapotaka kufuli lilelile, si mahali pa kuitia kazi za flashi hata kidogo.

#12 Lyamungo Kwetu

Naongezea kwa wenye chipu nyingine, maana uzi huu utasomwa na wengi.

Raspberry Pi Pico (RP2040): viini viwili vya Cortex-M0+, programu inasomwa moja kwa moja kutoka flashi ya pembeni. Wakati wa kufuta, kiini cha pili kikijaribu kusoma mstari unaofuata wa programu yake hakipati kitu. Tumia `flash_safe_execute`, inakiegesha kiini cha pili kwanza. Na M0+ haina amri za LDREX na STREX ambazo wenzetu wa M3 na M4 wanajengea makufuli, ndiyo maana waliweka spinloku 32 za vifaa (kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka akiliulizia) ndani ya chipu.

STM32WB55 imeenda mbali zaidi. Ina M4 ya kwako na M0+ ya redio ya Bluetooth, na zote mbili zinaishi kwenye flashi moja. Redio ina miadi ya mikrosekunde, haiwezi kungoja ufute ukurasa. Kwa hiyo semafoo namba 2 ya vifaa inasema nani ameshika flashi, na hata ukiishika, kabla ya kila ufutaji au uandishi mmoja unaangalia namba 7, ambayo redio huichukua inapokaribia miadi yake. Ukiruka hatua hiyo, simu ya mteja inakatika bila maelezo.

#13 Mtaa wa Double Road

Kamati ingenunua daftari la kaunta buku na kalamu, haya yote yasingekuwepo.

#14 Chalii wa Sakina

@Mtaa wa Double Road 😂😂 na daftari nalo watu watagombea kalamu, chalii wangu.

Wakuu, swali la kizembe: kwa nini asiweke tu EEPROM ya nje au FRAM (chipu nyingine ya kumbukumbu ya kudumu)? Ile moduli ya saa ya DS3231 inakuja na 24C32 juu yake tayari. Flashi ya prosesa iachwe kwa programu peke yake.

#15 Mama Saketi, Tengeru

Swali si la kizembe, ni nusu ya jibu. Ukitoa salio kwenye flashi ya programu, kache haizimwi, mapigo hayapotei, ule ujumbe wa kuanguka hauji kwa njia hiyo. FRAM kama MB85RC256V haina hata kufuta, inaandika kwa mwendo wa waya wa data wenyewe, na inavumilia mara trilioni moja. Kwa salio la fedha naipenda sana kuliko chochote.

Lakini ugomvi hautaisha, utahama. Saa iko kwenye I2C (njia ya data ya waya mbili) anwani 0x68, EEPROM ya moduli ile iko 0x57, waya ni walewale wawili. Taski inayosoma saa na taski inayoandika salio zitakutana hapo. Na 24C32 ikishapokea data inajifungia milisekunde kadhaa, ukiiita haijibu, na programu isiyojua kusubiri inadhani chipu imekufa. Pia ina kurasa za baiti 32. Ukianza kuandika baiti 20 karibu na mwisho wa ukurasa, zinazozidi hazivuki kwenda ukurasa unaofuata, zinarudi mwanzo wa uleule na kufunika jirani. Na mfano wa 2,000 na 7,000 unabaki vilevile, FRAM au jiwe. Mmiliki mmoja bado anahitajika.

Kwa mapigo usihangaike na intarapti hata ukihamia FRAM. ESP32 ina PCNT, kihesabuji cha mapigo ndani ya chipu, kinahesabu chenyewe hata viini vyote vikiwa vimeegeshwa. Kina biti 16 pamoja na alama ya hasi, kwa hiyo kinafika 32,767, lita 72 kwa kihisi chako. Kisome kila sekunde, inatosha na kubaki.

#16 Fundi Pasua

PCNT nimeijaribu mezani, nimezima na kuwasha uandishi wa flashi makusudi huku maji yanapita, hesabu haitikisiki. Hiyo imepita.

Sasa nimekwama kwenye umeme. Foleni iko kwenye RAM. Umeme ukikatika ombi likiwa bado kwenye foleni, limepotea. Na salio na jumla ya lita ni vitu viwili tofauti kwenye NVS. Ukikatika katikati yake, moja imeandikwa na nyingine bado. Nadhani ndiyo maana hesabu za siku haziendani.

#17 Mama Saketi, Tengeru

Umeona vizuri. NVS inajitahidi kwa ufunguo mmoja, inaandika mpya kwanza ndipo inaua ya zamani, kwa hiyo utapata ama ya zamani ama mpya. Kwa funguo mbili haikuahidi kitu. Viunganishe viwe rekodi moja: namba ya kadi, salio, lita zake zote tangu mwanzo, namba ya mfululizo, na CRC (namba ya kukagua kama data imeharibika). Jumla ya kioski usiihifadhi pembeni kabisa, ijumlishe kutoka kwenye rekodi za kadi kifaa kinapowaka. Kitu ambacho hakijaandikwa mara mbili hakiwezi kupingana na chenyewe.

Ombi lililo kwenye foleni: mwombaji asitangaze ushindi kabla mmiliki hajajibu. Taski ya modemu itume "ongeza 5,000", isubiri jibu kuwa `nvs_commit` (amri ya kukamilisha uandishi) imerudi salama, ndipo ujumbe uende kwa mteja. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hakuna aliyeahidiwa chochote na wakala atatuma tena. Akituma tena ombi ambalo kumbe lilishaandikwa, utamwongezea mara mbili, kwa hiyo rekodi ibebe pia namba ya muamala wa mwisho, mmiliki akiiona imejirudia anajibu "tayari" bila kujumlisha.

Upande wa maji kuna uamuzi ambao si wa fundi. Ukikata fedha kabla ya kufungua valvu, umeme ukikatika mteja ndiye anapoteza. Ukikata baada ya ndoo kujaa, kioski kinapoteza, na wajanja watajifunza kuchomoa waya. Mimi hukata kidogokidogo, lita tano mbele ya maji. Ndoo ya 20 ni maandishi manne badala ya 20, na anayekutwa na giza hawezi kupoteza zaidi ya shilingi 12 na senti zake. Hifadhi salio kwa senti, usifanye desimali. Peleka pendekezo kwenye kamati, waamue wao.

#18 Kijenge Juu

Nakubali yaishe kuhusu foleni, ila niulize moja ambalo watu wa foleni huwa hawalisemi. Ikijaa?

#19 Mama Saketi, Tengeru

Ikijaa, anayetuma anaambiwa imejaa na anaamua. Taski ya kadi ikikataliwa isifungue valvu, iandike "subiri" kwenye skrini. Ya modemu iiache meseji kwenye laini ya simu, isiifute mpaka ombi lipokelewe. Ya skrini ikitaka kubadili bei, isubiri, haina haraka. Kisichoruhusiwa ni kutupa ombi bila kumwambia mwenyewe. Na foleni ya kifaa chenye mteja mmoja bombani ikijaa, usiiongeze ukubwa. Tafuta nani anapiga kelele, kuna taski inatuma ombi ndani ya mzunguko usio na kikomo.

#20 Mwanafunzi wa Ufundi

Nimeipata, na banda la kuku limeshapata bendera yake. Asante kaka Kijenge.

#21 Fundi Pasua

Kamati imekaa, wamechagua kukata kwa lita tano, mzee mwenyekiti akasema senti zirudishwe kwa atakayekutwa na giza akija kulalamika. Nimeandika taski ya mmiliki, nyingine nimeziondolea NVS kabisa, kila kadi ina ufunguo wake. Majina ya funguo yamenisumbua kidogo, mwisho herufi 15, aliyetangulia alikuwa anaandika majina marefu kama hotuba.

La mwisho kabla sijapanda nazo mlimani. Fimwea (programu ya kifaa) mpya inakuja kwa GSM, na OTA, yaani huo usasishaji wa hewani, nayo inaandika flashi ileile, tena kwa wingi. Nayo niipitishe kwa mmiliki baiti kwa baiti?

#22 Mama Saketi, Tengeru

Baiti kwa baiti hapana, foleni itakufa. OTA iombe ruhusa kwa mmiliki mara moja: mmiliki anamaliza maombi yaliyopo, anafunga valvu, anazuia kadi mpya, ndipo anajibu "endelea", na OTA ikimaliza au ikishindwa inarudisha ruhusa. Weka kikomo cha muda pia, laini ya simu ikikatika katikati kioski kisibaki kimefungwa mpaka asubuhi. Na angalia `esp_ota_begin`: ukiipa `OTA_SIZE_UNKNOWN` inafuta sehemu nzima kwa mkupuo kabla ya kupokea baiti ya kwanza, kifaa kinaganda muda mrefu. Tumia `OTA_WITH_SEQUENTIAL_WRITES`, inafuta kadiri inavyoandika. Fanya usiku.

#23 Fundi Pasua

Sawa. Naanza na kile cha Uru, kina wateja wachache na msimamizi wake anapokea simu.

#24 Chalii wa Sakina

Mods, uzi huu ubandikwe juu.

#25 Lyamungo Kwetu

@Fundi Pasua ukiwa huko soma pia toleo la chipu ya flashi kwenye kila bodi kabla hujaondoka. Bodi za bei rahisi huja na chipu mchanganyiko, na muda wa kufuta unatofautiana. Bora ujue mapema ipi umeiacha wapi.